Sauti ya Babu kwenye Diski Iliyochoka

Kila alasiri, baada ya kuvua sare ya shule, Chapchap aliondoa kitambaa cha kufuma kilichofunika kompyuta ya sebuleni, akabonyeza kitufe cha kuiwashia, kisha akaenda jikoni kuosha vyombo. Vyombo vilipokwisha, kompyuta ilikuwa bado inanguruma kama paka aliyeshiba, kiduara kikizunguka katikati ya skrini.

Kompyuta ilikuwa ya babu. Wenzake wa karakana ya reli walimpa siku alipostaafu, naye, mzee wa mikono migumu iliyozoea spana, akajifunza kuandika kwa kidole kimoja. Enzi hizo nyumba nzima ilijua babu yuko kazini: tak, kimya, tak, kimya. Sasa babu hayupo. Mto wa kiti chake ulikuwa bado umebonyea pale alipokaa, na bibi hakutaka mtu autikise.

Hata jina la Chapchap alilitoa babu, kwa sababu mjukuu wake alifanya kila kitu mbiombio. Akitumwa kufagia uvunguni, aliinama, akatazama, akasema, "Tayari!"

Jumamosi moja mjomba wake, fundi wa kompyuta, alikuja kuwasalimu.

"Shikamoo, Mjomba. Kompyuta hii inanizeesha! Mpaka iwake, nimeshasahau nilichotaka."

"Marahaba. Mbona mvi sizioni?" Mjomba akacheka. Aliinama akatega sikio kwenye kasha la mashine. "Unasikia inavyokwaruza? Ndani ya diski yake mna sahani inayozunguka. Imezunguka miaka mingi, imechoka. Tuiwekee SSD, diski ya kisasa. Hiyo haina kitu kinachozunguka, kwa hiyo inasoma upesi na haipigi kelele."

Kabla ya kwenda dukani, Mjomba alichukua bisibisi, akafungua ubavu wa kasha na kumwonyesha Chapchap ndani. Diski ya zamani ilishikwa na nyaya mbili, mmoja wa umeme na mwingine wa kupitisha data. Vumbi lilikuwa jingi, nao wakalipuliza kwa upole.

Dukani, Chapchap aliona SSD nyembamba, ndogo kama kidole. "Hii, Mjomba! Muuzaji anasema ndiyo yenye kasi kuliko zote."

"Kasi ipo. Lakini tulipofungua mashine, uliona pa kuichomeka?"

Chapchap akafikiri. "Hapana. Niliona nyaya mbili tu."

"Basi tukinunua hiyo, utaivaa shingoni kama mkufu."

Wakachagua ya bapa, inayokubali nyaya zile zile, yenye nafasi ya kutosha vitu vyao na dhamana ya duka.

Nyumbani Mjomba aliifunga SSD, akaweka mfumo mpya kutoka kwenye flashi, kisha akanakili vitu alivyoonyeshwa na Chapchap: picha za familia, kazi za shule, michezo, na vyote vilivyoonekana kwenye skrini ya mbele. Alipomaliza aliichomoa diski ya zamani.

"Sasa kazi yako," alisema akinawa mikono. "Fungua kitu kimoja kimoja, uone kama kinafunguka. Kisha muulize bibi yako kama ana chake humu. Ukishanihakikishia, nitaifuta diski hii ya zamani."

Chapchap alifungua michezo. Ikafunguka kufumba na kufumbua, naye akaruka kwa furaha. Alifungua picha mbili. Vingine aliviangalia tu. Si vipo pale? Bibi alikuwa uani akishona vifungo. "Bibi naye ana nini kwenye kompyuta?" aliwaza, asiinuke.

"Vyote vinafunguka?" Mjomba akauliza.

"Vyote."

"Na bibi umemuuliza?"

"Nimemuuliza, Mjomba."

Mjomba akaitia diski kongwe mfukoni, akaaga.

Siku iliyofuata Chapchap alirudi kutoka kwa rafiki yake akamkuta bibi mbele ya kompyuta. Hakukalia kiti cha babu. Alivuta kigoda akakaa pembeni yake. Miwani imeshuka puani, anabofya kijipicha cha redio kwenye skrini, anangoja, anabofya tena.

"Bibi, unafanya nini?"

"Namtafuta babu yako."

Chapchap akasimama kama mti.

"Alirekodi maneno yake humu kabla hajaugua," bibi alisema. "Mambo ya ujana wetu. Ukiwa shuleni mimi huja nikabofya redio hii, akaongea. Leo inaniletea maandishi tu, eti haipatikani." Akafuta vidole vyake kwenye gauni. "Nimeharibu mimi, mjukuu wangu. Akili ya kizee hii, nimesahau pa kubofya."

Chapchap angeweza kunyamaza. Bibi alikuwa ameshajibebesha lawama, tena bila kulalamika. Lakini kule kufuta vidole, kana kwamba vilikuwa na kosa, kulimchoma.

"Si wewe, Bibi. Ni mimi." Machozi yakamtoka. "Mjomba aliniambia nifungue kila kitu na nikuulize. Sikufungua vyote. Sikukuuliza. Nikamwambia nimekuuliza."

Bibi alivua miwani yake. Hakufoka. Alichukua simu mezani akampa. "Mwambie mjomba wako vile vile ulivyoniambia mimi."

Chapchap alisema yote.

"Ile ni sauti ya baba yangu pia, Chapchap," Mjomba akasema.

"Nisamehe, Mjomba. Umeshaifuta diski?"

Mjomba akashusha pumzi. "Nimeishika mara mbili niifute, nikairudisha kwenye droo. Nilimkumbuka mzee anavyoandika, tak, tak. Nikashindwa. Lakini ni mbovu ile, inaweza kufa wakati wowote. Nakuja."

Alipofika aliiunganisha diski kongwe na kuonyesha kile kijipicha cha redio. "Hiki ni kibao cha njia tu. Nyumba yenyewe, yaani rekodi, mzee aliificha ndani, kwenye folda ya printa, ili watoto wasiichezee. Sisi tulihamisha kibao, nyumba tukaiacha."

Diski ilikwaruza, ikanyamaza, ikakwaruza tena. Rekodi zilihamia kwenye SSD moja baada ya nyingine, polepole mno. Chapchap, ambaye hakuwahi kungoja hata chai ipoe, alikaa kimya mikono mapajani, asipepese macho. Ilipobaki rekodi ya mwisho, diski ililia mlio mwembamba, ikazimika. Mjomba alijaribu tena na tena. Wapi!

"Inatosha, mwanangu," bibi alisema. "Imefanya kazi ya kutosha. Iache ipumzike."

Mjomba alinakili rekodi zilizookoka kwenye flashi pia, ili ziwe mahali pawili, kisha akamwachia bibi abofye mwenyewe. Sauti nzito ikajaza sebule:

"Haya, mama watoto, umekaa? Siku ile mvua ilitukuta stesheni, nawe umevaa viatu vya kuazima..."

"Muongo huyu!" bibi akaangua kicheko, machozi yakimtiririka. "Vilikuwa vyangu!"

Mjomba naye alicheka, akageukia dirishani kidogo.

"Bibi," Chapchap alisema kwa sauti ndogo, "ile iliyopotea ni kwa sababu yangu. Ningefanya kazi yangu jana, labda ingepona."

"Ni kweli," bibi alijibu, akamvuta karibu. "Sitakudanganya kuwa si kitu. Ukisema umefanya jambo ambalo hukulifanya, kuna mtu mwingine anaegemea neno lako, na ndiye anayeanguka. Lakini nisikilize. Leo ungenyamaza, mimi ningeishi nikilaumu vidole vyangu, na zote zingekufa mle ndani bila sisi kujua. Ulisema, nazo zimepona. Kazi ifanye mpaka mwisho, mjukuu wangu. Na pale uliposhindwa, sema mapema."

"Nimesikia, Bibi. Iliyopotea ilikuwa inasema nini?"

"Hiyo naijua kwa moyo. Alisimulia siku mama yako alipozaliwa. Una haraka ya kwenda mahali?"

"Hapana, Bibi."

"Basi kaa hapo kwenye kiti cha babu yako, nikusimulie."

Chapchap akakaa polepole juu ya ule mto uliobonyea, akasikiliza mpaka mwisho.