Shafti Ilikuwa Bado Moto

Siku ya kujiandikisha chuo cha ufundi, getini kulikuwa na watu kama kuna kitu cha bure. Msichana mmoja, ovaroli ya bluu kakunja mikono mara tatu, akamkanyaga kijana kwa buti lenye chuma puani.

"Aisee dada! Kidole hicho!"

"Pole kaka. Na wewe unakuja kusomea mashine na kandambili?"

Kwisha habari yake. Jamaa alikuja kusomea umeme, akajikuta kwenye mstari wa kukereza vyuma, nyuma ya yule binti!

Karakana ikawabatiza majina. Binti aliitwa Milimita, maana anapima kila kitu, hata mkate. Kijana aliitwa Chapuchapu, hana breki. Jioni ni simu tu.

"Unafanya nini, Milimita wangu?"

"Nafua ovaroli. Maji meusi kama lami."

"Nije nikusaidie?"

"Baba yupo."

"Haya, acha nifue yangu."

Mwaka ukaisha, mtihani ukafika: kukereza shafti, ile fimbo ya chuma inayozungusha pampu. Kiwanda cha pampu kingechukua wachache tu kati ya watakaofaulu, na Chapuchapu alikuwa amekaa nyumbani miaka miwili bila kazi kabla ya chuo. Roho juu! Mashine zinanguruma, chembe za chuma zinaruka, mafuta yananukia. Akapima shafti yake. Imezidi kiduchu. Akashika mpini apitishe kisu mara ya mwisho.

Milimita, wa mashine ya jirani, akaruka akabonyeza kitufe chekundu. Mashine ya Chapuchapu ikazima.

"Iache ipoe! Chuma cha moto kimevimba, kitakudanganya!"

"Zimebaki dakika kumi! Unanichelewesha ili kazi upate wewe?"

 Milimita akarudi kwenye mashine yake, machozi yanamlengalenga. Chapuchapu akawasha, akakata, akakabidhi.

Kesho yake mwalimu akaipima ile shafti ikiwa baridi. Imepungua. Nyembamba kuliko inavyotakiwa, na chuma kikishakatwa hakirudi. Milimita kafaulu, Chapuchapu arudie baada ya miezi mitatu.

Akampigia Milimita simu. Haipokelewi. Mara ya sita ikapokelewa.

"Unasemaje?"

"Nilikukosea. Ulikuwa unaniokoa, mimi nikadhani unaniibia kazi."



"Uko wapi?" akauliza Milimita.

"Karakana. Nimemwomba mwalimu nifanye mazoezi. Nimekata moja, naisubiri ipoe."

"Wewe? Unasubiri?"

"Dakika ya ishirini na tano hii. Nakufa."

Milimita akacheka mpaka baba yake akachungulia chumbani. Dakika kumi baadaye kasimama mlangoni pa karakana, gauni la njano, anahema. Akachukua maikromita, akapima ile shafti, akapima tena.

"Imekaa sawasawa!"

Chapuchapu akarukaruka kama mpira umeingia golini. Halafu akatulia, akamshika mkono.

"Miezi mitatu nafaulu, naingia kiwandani. Mshahara wa kwanza tu, nawaleta wazee wangu kwenu."

"Waje Jumapili hii," akasema Milimita. "Mimi kusubiri nimechoka."