Chupa ya Mzee Masele

Chupa iliyoibwa ilikuwa na tezi dume ya marehemu mzee Masele wa Nansio. Pale ilipokuwa imewekwa palibaki duara safi katikati ya vumbi la rafu ya maabara ya hospitali.

Inspekta Luhaga alilitazama duara hilo kwa muda mrefu. Hospitali hiyo ilikuwa ya mtu binafsi, miongoni mwa zile zilizochipuka Mwanza tangu serikali ilegeze masharti. Mhudumu wa maabara, Antoni, alikwishawekwa mahabusu. Ilivumishwa kwamba ameiuza chupa hiyo kwa waganga.

"Daktari, nyama hiyo ina faida gani kwako?"

"Nachunguza kama virusi vina mkono katika saratani ya tezi hii," alijibu Daktari Sabina, mtafiti wa maabara hiyo. "Bado sijui. Kwa mzee Masele niliona alama ambazo sikuziona kwa wengine."

"Basi mwizi ni mshindani wako."

"Mshindani angechukua hivi." Akavuta droo isiyo na kufuli. Mlijaa vibonge vya nta, kila kimoja kimeshika kipande kidogo cha tezi. "Kazi yangu imo humu. Chupani mlikuwa na masalio."

Luhaga akatafakari. Mganga angebeba chupa zote. Huyu alichagua moja, tena ya nyuma. Akashuka kituoni, hadi mahabusu.

"Antoni, nani aliingia maabara?"

"Mtoto wa marehemu, Afande. Shimba. Alifuata cheti cha kifo, nikamwacha pale nikaenda kukitafuta."

"Mbona hukusema?"

"Mtu amefiwa, Afande. Ningemtajaje?"

Kesho yake Luhaga na Sabina walivuka ziwa kwenda Nansio. Kaburi lilikuwa kando ya nyumba, limesakafiwa. Kona moja saruji yake ilikuwa bado mbichi.

"Shikamoo, Afande," alisema Shimba.

"Marahaba. Kaburi la baba yako lilipata ufa?"

"Hapana."

"Basi ulifukua nini?"

Shimba akasogea, akasimama mbele ya kona ile.

"Yuko mtu mahabusu kwa ajili yako, Shimba."

"Mwachieni. Niliichukua mimi, nikaificha ndani ya koti. Baba hakutaka kisu cha upasuaji. Mimi ndiye niliyemshurutisha. Akafa, tukamzika amepungua. Kila nikiketi kula namwona mlangoni, anadai chake. Nikamrudishia."

Luhaga angeweza kunyamaza, lakini hakupenda kumwacha mtu katika uongo. "Hukumrudishia chote."

Sabina akamwekea kibonge cha nta kiganjani. "Hiki kilibaki. Ukitaka, mzikie."

Shimba alikigeuza juani. "Mnatafuta nini humu?"

"Kama kuna kitu kinachoingia mwilini na kuleta ugonjwa huu. Kikijulikana, huenda kikazuilika."

"Na kisipokuwamo?"

"Tutajua kwamba hakimo."

Shimba aliwatazama wanawe wawili waliokuwa wakianika dagaa. Akamrudishia daktari kile kibonge.

"Vaa koti," alisema Luhaga. "Antoni hatoki mpaka uyaseme haya kituoni."

Akalivaa, lile lile. "Nitayasema. Nawe daktari, ukimaliza kumwuliza baba, mlete nyumbani. Kona ile nitaivunja saruji, imngojee."