Wifi wa Chumba cha Nyuma

Barke alikuwa akikoroga uji jikoni aliposikia wifi yake anacheka. Kicheko kilitoka chumba cha nyuma, alikolala mama mkwe wake, Bi Kuluthumu, na kilikuwa kicheko chenyewe cha Ummulkheir, kile cha kuvuta pumzi mwishoni kama mtu aliyepaliwa. Barke akatabasamu. Kisha akakumbuka kwamba stima imepotea mtaa mzima tangu asubuhi.

Ummulkheir, binti pekee wa Bi Kuluthumu, alikuwa Torino, Italia, akitunza wazee wa watu. Tangu apooze upande mmoja, mama mtu alikuwa na kilio kimoja tu: amwone mwanawe. Lakini nyumba yao ya Shela, hapa Malindi, ni ya mawe ya kale, na kuta zake ni nene. Ruta ilikuwa sebuleni. Mtandao ulifika ukumbini ukafa, na kumbeba mgonjwa hadi sebuleni kulimtoa machozi. Ndipo Mahadhi, mume wa Barke, alipomwita Marvin, fundi kutoka Kilifi, awafungie meshi: visanduku vyeupe vitatu, kimoja kimechomekwa kwenye ruta, kingine ukumbini, na cha mwisho juu ya rafu, miguuni pa kitanda cha mama. Kila kisanduku kinaupokea mtandao kwa mwenzake na kuupasia mbele, Marvin alieleza. Kweli, siku hiyo sura ya Ummulkheir ilifika chumba cha nyuma bila kukatika, na Bi Kuluthumu akaibusu simu.

Sasa Barke aliingia na bakuli la uji. Chumba kilinuka nywele zilizoungua. Juu ya rafu, kisanduku kilikuwa kinawaka taa yake nyeupe, na stima hakuna.

"Mama, wazungumza na nani?"

"Na wifi yako. Njoo umsalimie."

Barke akainama kuitazama simu, akasalimia. Ummulkheir alikuwamo, amejitanda mtandio wa kijani. Hakuitikia salamu. Alimtazama Barke kitambo, kisha akamrudishia macho mamake. Nyuma ya kichwa chake palikuwa na ukuta wenye kidaka, na ndani ya kidaka sahani ya buluu iliyopasuka ukingo. Barke akageuka polepole. Kidaka kile, na sahani ile, vilikuwa mgongoni pake, ndani ya chumba kile kile, na mbele ya kidaka hapakuwa na mtu.

Alirudi jikoni, akampigia Ummulkheir kwa simu yake mwenyewe.

"Wifi, nisamehe," Ummulkheir akasema, nyuma yake kukisikika mzee anakohoa. "Najua sijampigia mama tangu wiki iliyopita. Kazi imenizidi. Mwambie nitampigia Ijumaa, in shaa Allah."

Barke akakata simu, akaenda kumwambia Mahadhi.

Mahadhi hakubishana naye. Alikwenda mwenyewe kuangalia, akatoka amefunga mdomo kwa kiganja. Marvin akaitwa, akavichomoa visanduku vyote, akavitia begini. Bi Kuluthumu alilia kama mtoto. Lakini Marvin hajafika mlangoni, kule nyuma kicheko kikaanza tena.

"Dada," Marvin akanong'ona, "simu ya bibi nimeiangalia. Haina chaji. Imezimika." Akatoka, asirudi tena, wala simu zao hakuzipokea.

Tangu hapo sauti haikukoma. Bi Kuluthumu akakataa chakula. Alilala ameikumbatia simu nyeusi kifuani, akinong'ona na kucheka kwa nusu ya mdomo wake iliyo nzima.

Wakamleta Mwalimu Abdulhakim. Alifukiza ubani, akasoma mpaka kanzu ikalowa, kisha akauliza: "Umeingiaje nyumba hii?"

Ikajibu simu, kwa sauti ya Ummulkheir, kwa upole. "Sikuingia, Mwalimu. Niliitwa. Mama aliita mwanangu, mwanangu, na hapana aliyeitika. Nikaitika mimi."

Mwalimu akainama kitandani. "Mama, sema humtaki. Neno hilo moja, na mimi nitamtoa."

"Simtaki nani?" Bi Kuluthumu akasema. "Huyu yuko nami usiku na mchana. Huyu hajanambia hata siku moja kwamba yuko kazini."

Mwalimu akamtoa Mahadhi nje. "Mwenyewe amemshika mkono," alisema. "Mimi sina la kufanya."

Alipoambiwa, Ummulkheir aliacha kazi akaja. Alifika wakati wa alasiri, hakuvua hata viatu, akapita moja kwa moja hadi chumba cha nyuma, akapiga magoti, akaushika mkono uliokonda, akasema, "Shikamoo mama, nimekuja," na Bi Kuluthumu akafumbua macho, akamkazia, akamwona siye, akapiga ukelele uliowatoa majirani majumbani mwao, "Mtoeni! Jini huyu! Amevaa sura ya mwanangu!", huku akijikokota kwa upande wake mmoja kumkimbia, simu ameibana shingoni, na kutoka simuni sauti ikimbembeleza, "Usiogope mama, mimi nipo, hatakugusa."

Ummulkheir hakukanyaga tena chumba kile. Alikaa nje ya mlango, akisikiliza sauti yake mwenyewe ikimwimbia mamake nyimbo za utotoni alizokuwa amezisahau.

Bi Kuluthumu alifariki alfajiri moja, anatabasamu. Mahadhi aliiponda simu kwa nyundo. Maiti ikakoshwa, ikakafiniwa, na baada ya adhuhuri wanaume wakaondoka na jeneza. Barke akakifunga chumba cha nyuma, ufunguo akaukamata ngumini. Wanawake walijaa ukumbini hadi sebuleni, na Ummulkheir alikaa kati yao, macho makavu, sauti imemkauka kwa kulia.

Ndipo kilio kilipoanza kule nyuma. Kilikuwa kilio cha binti aliyefiwa na mama, cha kuvuta pumzi mwishoni, na wanawake ukumbini wakageuka, mmoja baada ya mwingine, kumtazama Ummulkheir. Bi Garama, jirani mtu mzima asiyeona vizuri, ndiyo kwanza alikuwa anaingia.

"Jamani," akasema, "mbona mumemwacha mwana wa marehemu peke yake huko?"

Akampita Ummulkheir pale alipoketi. Barke akainuka kumwahi, akipenya kati ya wanawake. Bi Garama akaenda hadi mlangoni, akagonga taratibu.

"Ummulkheir, mwanangu. Nifungulie nikupe pole."

Kilio kikakatika. Na Barke, ufunguo ungali ngumini, akasikia kitasa kinazungushwa kwa ndani.