Katambuga Ndani ya Springi

Kila asubuhi Domitila alifuta vumbi kwenye gari la marehemu mume wake, Mwandu. Gari lilikaa uani, hapo Bariadi, tangu msimu uliopita. Halikwenda popote, lakini alilifuta.

Ilikuwa miaka ile wanunuzi binafsi walipoanza kununua pamba, na magari madogo ya mtumba yakaanza kuingia kwa wingi. Mwandu alipata moja. Alibeba abiria na magunia ya pamba kutoka Kasoli. Siku moja gari lilirukaruka kwenye barabara mbovu, likakataa kukata kona, likaingia mtaroni. Gari lilipona. Mwandu alikufa.

Sasa Salu, mdogo wake Mwandu, alitaka kuliendesha.

"Shemeji, watoto wale nini? Vumbi?"

"Na wewe nikuzike?" Domitila alijibu.

Mwishowe walimwita fundi Anatoli aliangalie kwanza.

"Mwangaluka, mama."

"Mwangaluka, fundi."

Anatoli alikandamiza pua ya gari kwa mikono, akaachia. Gari lilipanda, likashuka, likapanda tena, likashuka tena.

"Gari zima hupanda mara moja likatulia," alisema. "Shokapu za mbele zimekufa. Ona, hii inavuja mafuta. Shokapu ndiyo inayolizuia tairi lisiruke. Tairi likiwa hewani, usukani ni wa nini?"

"Inayovuja ni moja," alisema Salu. "Badilisha hiyo moja."

"Hapana. Hubadilishwa zote mbili, kulia na kushoto. Ukiweka mpya upande mmoja, gari litavuta kwenda pembeni."

Alipandisha gari kwa jeki, akaliegemeza juu ya stendi imara, akatoa matairi. Akachomoa shokapu pamoja na springi yake. Kabla ya kufungua nati ya juu, aliibana springi kwa vyuma maalumu.

"Springi isiyobanwa itafyatuka ikuue," alimwambia Salu.

Vipande vya mpira vilianguka kutoka ndani ya springi.

Kwetu tunapenda gari liinue kichwa. Likiinama kwa mzigo, tunalichomekea vipande vya tairi kuukuu na kujiona mafundi. Ujinga huu umezika watu.

"Nani aliweka vipande hivi?" aliuliza Anatoli. "Springi ilishindwa kucheza. Ndiyo maana tairi lilizidi kuruka."

Domitila aliokota kipande kimoja.

"Hizi ni katambuga zangu, vile viatu vyangu vya tairi," alisema polepole. "Nilizikata mwenyewe kwa kisu cha jikoni. Nilimsaidia Mwandu kuzisukuma ndani. Gari lilipoinuka, nilimpigia vigelegele."

Salu alitazama chini. Anatoli aliweka spana yake chini.

"Hukujua, mama. Naye hakujua."

"Sasa najua," alisema Domitila, akalia.

Anatoli alifunga shokapu mpya mbili, bila mipira. Akahakikisha matairi yamekaa sawa. Alipokandamiza pua, gari lilipanda mara moja likatulia.

"Beba watu," alimwambia Salu. "Pamba ipande lori."

Jumatatu Salu alipata abiria watatu. Domitila alikaa mbele. Walipofika kwenye barabara mbovu ya Kasoli, alishika mlango kwa nguvu. Gari lilitetemeka kidogo, lakini usukani ulimtii Salu. Walikata kona, wakaupita ule mtaro.

Domitila aligeuka, akatazama nyuma.

"Kumbe panapitika," alisema, akajifunika uso kwa khanga.