Njuga Ndani ya Kopo

Hamjambo nyote? Nyamazeni kidogo, maana jambo hili lilimpata rafiki yangu Dionis, na halisimuliwi kwa kelele.

Enzi za Mwingereza Dionis alikuwa askari hapa Tabora, akitunza ushahidi wa kesi iliyotikisa mji mzima. Tajiri mmoja alikuwa akiwaahidi wasichana kazi, kumbe anawauza kwa wanaume. Mmoja wao, Josepha wa mtaa wa Ng'ambo, hakuonekana tena. Chumbani kwa tajiri zilikutwa njuga zake tu, zile kengele ndogo za miguuni za kuchezea ngoma. Dionis alizijaza pamba moja moja zisilie, akazitia kwenye kopo, akalifunga kwa lakiri, ile nta ya muhuri wa serikali.

Siku ya kesi alilibeba kwenda kortini, na Eustadia, mama yake Josepha, akimfuata. Njiani njuga zikaanza kulia. Dionis akasimama, zenyewe hazikusimama.

"Fungua, mwanangu," mama akasema.

"Mama, lakiri ikivunjika yule bwana ataachiwa leo leo. Atachukua na wengine."

"Basi nisikie tu."

Dionis akamwinamishia kopo bila kuliachia. Mama akaweka sikio, akatabasamu. "Ndiye! Mwendo wa mwanangu naujua."

Njuga zikaendelea, hatua moja nzito, hatua moja ya kuburuta. Tabasamu likamtoka.

"Baba, mbona anachechemea? Aliondoka kwangu mzima."

Niacheni nitoke nje kidogo. Nitarudi.