Kaseti ya Kushoto

Ndugu wawili wametengwa na vijiti viwili. Wa kulia hutoa asipungukiwe. Wa kushoto hupokea, akapoteza alichokuwa nacho. Msinipe mji bado, wajukuu. Sikilizeni kwanza habari za Yunia wa Bwera.

Mwaka 1977 Yunia alikuwa darasa la sita. Kila jioni aliosha vyombo, kisha mama yake, Elise, akaweka kaseti kwenye redio. Humo baba yake, Thembo, aliyekwisha kufa kwa homa, aliwasalimu ndugu wa Butembo, akamtaja Yunia, mwisho akacheka. Sauti yake haikuwapo penginepo duniani.

Likizo moja mjomba Jean-Bosco, aliyesomea kompyuta Kampala, alikuja na redio ya pili na waya, wainakili kaseti ile. Akaandika sakafuni kwa mkaa, vijiti viwili katikati: A = B.

"Kompyuta husoma hivi: chukua kilichomo B, kiweke ndani ya A. Kulia panasomwa, kushoto panaandikwa. Redio zetu ni vivyo hivyo: ya kushoto ndiyo inayorekodi. Niambie, kile cha zamani cha A kinakwenda wapi?"

Yunia akacheka. "Mjomba nawe! Sawa ni sawa, upande wowote. Hata Semu anayeshika mkia darasani anajua hilo."

"Hujanijibu. Ningoje nioge."

Yunia hakungoja. Akaweka kaseti ya baba kushoto na tupu kulia, akabonyeza.

Mama akaingia. "Mutoto, mbona baba yako iko kimya?"

Mjomba akaja mbio, povu masikioni, akazima. Wakasikiliza. Salamu zilikuwa zimefutika. Jina la Yunia nalo pia. Kilichobaki ni kicheko tu. Mama akaketi chini.

Yunia angeweza kusingizia waya. "Ni mimi, mama," akasema. "Sikungoja."

Mjomba akavunja vijipande viwili vya plastiki mgongoni mwa kaseti, isirekodiwe tena. Akainakili upya, safari hii ikiwa kulia.

"Sawa ya hesabu hulinganisha," akasema. "Hii ya kompyuta huamuru. Mjue kwanza anayepokea, ndipo uamuru."

"Na umesema kweli," mama akamwambia Yunia, machozi yakimtoka. "Kuja hapa karibu."

Kicheko cha baba kikapita, kifupi mno.

"Mjomba," Yunia akanong'ona, "kile cha zamani hakiendi popote. Hakipo tena."