Kakao ya Babu

Kila jioni, akishavua sare za shule, Kijiko aliingia jikoni kumsaidia mama yake. Jina hilo alipewa na babu, maana hapakuwa na sufuria asiyoichungulia wala mchuzi asiouonja.

Sikukuu ilipofika, mama alimkabidhi kazi aliyoitamani siku nyingi: kupika kakao ya familia. Miaka yote ilipikwa nzito kwa malai, na sukari ikamiminwa bila huruma. Safari hii haikuwezekana. Babu alikuwa na kisukari, na daktari alikwisha kumwonya.

"Maziwa uliyoyaengua malai, kakao, mdalasini na iliki. Basi," mama alisema. "Sukari hata chembe usitie. Wageni nao watakunywa hiyo hiyo, babu yako asijione ametengwa. Umenielewa, mwanangu?"

"Nimekuelewa, mama."

Kijiko alikoroga mpaka mkono ukamuuma. Binamu yake Chiriku, mvulana asiyejua kufunga mdomo, akaja kuonja. Akakunja uso.

"Dawa ya minyoo hii! Utachekwa mpaka sikukuu ijayo," alisema, akaenda zake akicheka.

Maneno yale yalimchoma Kijiko. Mama alikuwa uani akipanga viti. Kabatini palikuwa na kopo la maziwa mazito yenye sukari. Kijiko alimimina kidogo, akaonja. Akaongeza kidogo tena. Kufumba na kufumbua, kopo lilikuwa tupu, naye akalificha nyuma ya gunia la mkaa.

Katika familia ile hakuna aliyeinua kikombe kabla ya babu, na babu naye akishaanza, hakitui mpaka kiishe. Sebule ilijaa watu, wote wakimtazama yeye.

"Kunywa bila wasiwasi, baba. Haina sukari," mama alimwambia.

"Kama kapika mjukuu wangu, wasiwasi wa nini?"

Kijiko alikitazama kikombe. Akisema, ataaibika mbele ya ukoo mzima, na kakao hatapewa kupika tena. Lakini alimkumbuka babu alivyoanguka barazani, akabebwa mzobemzobe kupelekwa hospitali. Babu alipuliza mvuke, akakisogeza kikombe mdomoni.

"Babu, usinywe!"

Watu wote wakamgeukia Kijiko.

"Nimetia maziwa ya kopo," Kijiko alisema huku machozi yakimtoka. "Kopo zima."

"Kijiko!" mama alifoka. "Ungetuulia mzee wetu!"

Babu alikitua kikombe kikiwa bado kimejaa. Akachukua mkongojo wake, akamfuata mjukuu wake jikoni, akaketi juu ya kigoda. Kijiko alianza upya. Chiriku aliitwa akapewa kinu atwange iliki, na alitwanga kimya kimya, jambo ambalo halikuwahi kuonekana nyumbani mle.

"Ongeza mdalasini," babu alisema baada ya kuonja. "Tena. Hapo sasa."

Waliporudi sebuleni, babu aliinua kikombe, akanywa mpaka tone la mwisho. Kijiko alimtazama usoni.

"Utamu wa zamani haina, nisikudanganye," babu alisema. "Lakini nimeinywa bila woga."

Wageni wakacheka, wakanywa. Chiriku alionekana akijimiminia kikombe cha pili.

Mama alimnyang'anya Kijiko upawa ili akauoshe. Kijiko aliinamisha kichwa, akijua kazi yake imeishia hapo. Babu akamvuta karibu.

"Sikiliza, mjukuu wangu. Kakao ikikosa utamu, tutacheka na tutainywa. Lakini mimi sioni ulichotia kwenye sufuria. Namtegemea mpishi aniambie kweli. Leo ulikosa, na kosa lako lilikuwa kubwa. Ila ulisema kabla sijameza, ijapokuwa ulijua utaaibika."

Kisha akamgeukia mama.

"Mrudishie upawa wake. Mwakani atapika yeye tena, na wa kwanza kunywa nitakuwa mimi."